Vindege vya kahawia Tarangire: usianze na rangi

Dada, nimekuelewa: unajifunza kuongoza wageni hapo Arusha, mgeni kakuletea picha za vindege vya kahawia wa Hifadhi ya Tarangire, zilizopigwa kwa mbali, anataka majina leo.

Rangi iache, jua na vumbi vinadanganya. Kuza picha, tazama mdomo. Mnene mfupi ni mla mbegu. Mwembamba ni mla wadudu. Mnene mwekundu, tena kundi kubwa? Kwelea kwelea. Anayetembea chini akitikisa mkia, wenye weupe pembezoni, mtafute kwenye Anthus, jenasi ya ndege wanaoitwa pipit kwa Kiingereza. Yule mkubwa mwenye kifua kama magamba, jicho la samawati hafifu, anayezurura pale mnapokula, ni Histurgops ruficauda (rufous-tailed weaver kwa Kiingereza). Huyo mtangaze kwa sauti, karibu wote wako kaskazini mwa Tanzania!

Cisticola, jenasi ya vindege vidogo vinavyofanana mno, ndio kizungumkuti. Bila sauti yake, mimi huandika "Cisticola" na kuishia hapo. Safari ijayo rekodi sauti kwa simu, andika saa na kama ilikuwa nyasi au mti.

Usimruhusu dereva aache barabara kufuata picha, ni kosa hifadhini. Zilizobaki mpelekee kiongozi mkongwe wa ndege, pamoja na zile zenye ukungu. Mkao husema mengi.