Muulize Shangazi: Dagaa wa Jumapili

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Isevya hapa Tabora. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, nami nina watoto watatu. Nafika nyumbani jua linazama na mkaa bado sijauwasha. Muuguzi wa kliniki ameniambia niwape watoto samaki angalau mara mbili kwa wiki. Nikifikiria kuparua samaki usiku nachoka kabla sijaanza, tunaishia maharage. Dagaa nikiwapika, mkubwa anasema ni wachungu, mdogo anatema mchanga. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.

Nimeuza dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya Ziwa Tanganyika inapoteremsha samaki huku Kigoma, miaka 22, na nyumbani Gungu nilikuwa na watoto watano. Alfajiri nilikwenda kupokea mitumbwi, jioni narudi nimechoka hata kuongea siwezi. Wapo watoto wangu waliolala na ugali na chai ilhali mama yao ameshinda katikati ya samaki. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Alikuja kutoka Ujiji kututembelea, akanitazama siku mbili tatu, kisha akasema: "Mwanangu, samaki ana kazi mbili, kumtengeneza na kumpika. Wewe unazifanya zote usiku mmoja." Tangu siku hiyo kutengeneza nikakuhamishia Jumapili, na siku za kazi nikabaki na kupika tu.

Fanya hivi. Jumapili mchana mwaga kisado kimoja cha dagaa kwenye ungo, keti kivulini, waite watoto wote watatu. Vunja kichwa, pasua tumbo kwa ukucha, toa kile cheusi cha ndani. Huo weusi ndio uchungu anaousema mkubwa wako. Uti uache, maana tunamla dagaa mzima kwa sababu hiyo: chokaa ya mifupa na meno ya mtoto iko kwenye uti. Mara ya kwanza kazi itakwenda taratibu na mdogo atachoka njiani. Mwache aende kucheza. Nimeona kwangu kwamba mtoto aliyechambua dagaa kwa mkono wake hawakatai mezani. Vichwa wape kuku, wanavipenda.

Mchanga sasa. Wengi huosha dagaa kisha humwaga maji na dagaa pamoja, na mchanga uliokwisha kutua chini unarudi juu yao. Tumia maji ya vuguvugu kwenye beseni pana, koroga kwa mkono, subiri kidogo, kisha wachote dagaa kwa juu uwahamishie beseni jingine. Utaona mwenyewe kilichobaki chini. Rudia mpaka beseni libaki safi, na usiwaloweke muda mrefu, watapoteza utamu na kuvunjika.

Watandaze juani maji yakauke. Kisha wakaange bila mafuta kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, ukigeuza kila wakati mpaka uwasikie wanalia kwa ukavu. Hapo nyunyiza mafuta kidogo, geuza tena, epua. Waache wapoe kabisa ndipo uwafunge kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Ukiwafunga wangali na joto, mvuke utawaletea ukungu na kazi yote ya Jumapili itapotea.

Umekwisha kupata mboga ya wiki. Jumatatu kaanga kitunguu na nyanya, tia kikombe cha dagaa, kamulia limau. Ugali ukiiva nao wako tayari. Siku ya maharage, ambayo najua iko, tupia dagaa wachache kwenye sufuria dakika za mwisho.

Ila kwa mtu wa Tabora mimi ningesema karanga, maana karanga za huko nazijua. Twanga karanga mbichi mpaka ziwe laini, zivuruge kwa maji ya vuguvugu, bandika moto mdogo, koroga bila kuacha mkono mpaka uone mafuta yanapanda juu. Karanga zisipotoa mafuta hazijaiva, na tumbo la mtoto litakwambia usiku. Hapo ndipo utie dagaa na nyanya chungu mbili zilizokatwa vipande. Dada yangu aliyeolewa mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora, hupika hivyo kila Alhamisi, na wajukuu wake wanafuta sufuria kwa vidole.

Neno moja kuhusu kununua. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa na taa inakosa nguvu, hivyo mitumbwi mingi hulala ufukweni, dagaa wanakuwa haba na bei inapanda. Subiri giza. Dagaa wa giza wakishaanikwa na kufika Tabora utawapata kwa bei nafuu. Nunua wa mwezi mzima. Ukichagua, shika kiganja kimoja. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, anakatika kwa sauti, hajawa wa njano. Uliza alianikwa wapi. Walioanikwa juu ya chanja ni ghali kidogo kuliko wa mchangani, lakini hulipii mchanga.

Tena weka akiba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, maana nimeona kwa macho yangu dagaa wakipungua mwaka hadi mwaka. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba isiyo na kitu ndooni. Dagaa wakavu wa akiba warudishe juani mara moja moja, kisha uwafunge tena.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naendesha bodaboda Mwanga, Kigoma. Mke wangu anafanya kazi zahanati, zamu za usiku, hivyo jioni mpishi ni mimi. Mkubwa ana miaka minne, aliwahi kukwamwa na mwiba na sasa nyumba nzima tunaogopa samaki. Mdogo ana miezi saba. Tunaishi karibu na ziwa na tunakula nyama.*

Marahaba, baba. Kwanza hongera kwa kushika mwiko.

Mnunue mgebuka, yule samaki mrefu wa ziwa letu. Miiba yake ni mikubwa, imeshikana na uti, si ile midogo kama nywele inayojificha ndani ya mnofu. Pita mwaloni asubuhi ukiwa na abiria wa njia hiyo. Tazama macho yawe angavu na yamejaa, mashavu kwa ndani yawe mekundu, na ukibonyeza mgongo nyama irudi. Mwambie muuzaji akutengenezee palepale. Wapo vijana wanaofanya kazi hiyo kwa pesa kidogo. Kisha mpeleke nyumbani moja kwa moja, usizunguke naye juani kwenye pikipiki. Mgebuka mbichi anaharibika upesi. Kama huna friji, mtie chumvi na limau, mchemshe asubuhi hiyohiyo, na umpe mtoto chakula cha mchana. Usimwache mezani hadi jioni.

Mchemshe kwa maji kidogo, nyanya, tangawizi na kitunguu, robo saa inatosha. Akipoa, mfungue kwa vidole kuanzia mgongoni; uti utanyanyuka na mbavu zake. Mnofu wa mtoto upitishe wote katikati ya vidole, tonge kwa tonge, maana macho peke yake yanadanganya. Kisha uponde pamoja na kiazi au ndizi iliyochemshwa. Mwanao aone unavyofanya. Hofu yake itatoka polepole, wala usimlazimishe.

Na mwiba ukikwama tena, usimmezeshe tonge la ugali mkavu ili uusukume. Najua tumelelewa hivyo sote, na mimi nimelifanya, lakini tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Akikohoa, mwache akohoe. Ukiendelea kumchoma au akishindwa kumeza mate, mpeleke hospitali. Akishindwa kupumua, hapo usisubiri hata dakika.

Wa miezi saba naye ana haki yake. Chukua dagaa waliochambuliwa kama nilivyomweleza mwalimu wa Tabora, wakaange wakavu bila mafuta wala chumvi, watwange, chekecha kwa chekeche la unga laini. Uji ukichemka tia nusu kijiko cha chai na uendelee kukoroga uive. Siku ya kwanza mpe kidogo tu. Akitoka vipele, akivimba uso au akitapika, acha kumpa na umpeleke kliniki wamwone. Akiendelea vizuri, ongeza hadi kijiko kizima. Huo unga hata mkubwa unaweza kumtilia kwenye sombe, yaani kisamvu, bila yeye kujua, mpaka siku atakapokuwa tayari kumtazama samaki usoni.

*Shangazi, habari za huko? Niko Urambo. Tunapata migebuka wa moshi sokoni lakini ni wagumu, na ukiwapika nyumba inanuka hadi kesho yake. Kuna dawa?*

Nzuri, mdogo wangu. Ugumu unatokana na haraka. Kabla ya kutoka asubuhi wavunje vipande, wamwagie maji ya moto, wakae kama nusu saa unapojiandaa, kisha mwaga maji hayo na uwachambue miiba. Kama una friji watie humo hadi jioni. Kama huna, kazi hiyo yote ifanye jioni ukirudi, kisha wachemke kweli. Wamalizie kwa mawese kidogo na bamia, bila kukaanga upya, kwa sababu harufu kubwa hutoka kwenye kukaanga. Jiko litoe nje kama unaweza, na sufuria uisugue kwa jivu na ganda la limau kabla ya sabuni.