Kangomba nayo ni riba: jibu kwa aliyeuliza kama Mkristo anaweza kukopesha kwa faida

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama Mkristo anatenda dhambi akikopesha kwa riba, na wengi mmemjibu kwa kubishania asilimia. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Masasi na mzee wa kanisa, na riba iliyoniumiza haikuwa na asilimia yoyote.

Februari 2017, nikiwa nadaiwa ada ya mtoto, nilimwendea muumini mwenzangu, akanipa shilingi 200,000 kwa makubaliano kwamba msimu ukifika nimpelekee kilo 200 za korosho, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Huku kwetu hiyo ndiyo kangomba. Hakuna aliyetamka neno riba, tulisema tumeuziana. Minada ilipoanza, kilo moja ilivuka shilingi 3,000, nami nikamshonea magunia yake mawili na nusu, mke wangu akiwa amekaa kibarazani bila kusema neno.

Niliuona ule kuwa ujanja wa biashara tu, hadi siku moja kwenye mafunzo ya wazee nilipokutana na Papa Gregori wa 9. (Mimi ni Mwanglikana, lakini huyu ni wa kabla hatujagawana mbao.) Katika sheria alizozitangaza mwaka 1234 limo swali letu lilelile: mtu ametoa fedha leo ili baadaye alipwe vipimo vya nafaka, divai au mafuta; je, ni mla riba? Anajibu kwamba hahesabiwi hivyo, iwapo palikuwa na shaka kama siku ya kulipwa mali hiyo itakuwa imepanda au imeshuka thamani.

Yule ndugu yangu hakuwa na shaka hata chembe. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba korosho haingeshuka hadi 1,000. Bei ile ilitokana na dhiki yangu ya Februari. Kutoka 22:25 inapokataza faida inamtaja maskini waziwazi, na hata Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti aliyeikubali riba katika barua yake ya 1545, alikataza kumtoza mhitaji.

Kikundi chetu cha kanisa sasa kinakopesha shilingi na kulipwa shilingi, marejesho yanasubiri fedha za mnada, na ziada inarudi kwa wanachama siku ya mgao. Bado ni riba, sikatai, na mchungaji wetu hajairidhia mpaka leo.