Glutaraldehaidi: glavu peke yake hazitoshi

Umeuliza kwa nini glutaraldehaidi, kemikali ya kuhifadhi tishu, hukaza tishu kuliko fomalini, kemikali nyingine ya kazi hiyo, na kama glavu peke yake zinatosha. Molekuli yake ina kaboni 5, na kila ncha ina kundi la aldehaidi, yaani sehemu inayoungana kirahisi na protini. Ncha moja hushika amini (kundi lenye nitrojeni) ya protini, hasa kwenye lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini; ncha nyingine hushika amini ya jirani, na daraja hilo halivunjiki kirahisi. Ndiyo maana hutumika kuandaa sampuli za hadubini ya elektroni, kwa kawaida ikiwa asilimia 2.5, na kutibu vali za moyo wa nguruwe kabla hazijapandikizwa kwa binadamu. Ila hupenya polepole mno, kwa hiyo kata vipande vidogo, visizidi milimita 1 hivi.

Kuhusu glavu, hapana, tafadhali sana. Mvuke wake huwasha macho na koo, na anayeuvuta mara kwa mara anaweza kupata pumu, kisha hata kiasi kidogo kikamwamshia pumu hiyo. Fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, uvae miwani ya kinga na glavu za nitrili (mpira wa kutengenezwa kiwandani); zile nyembamba za mpira wa asili huipitisha upesi. Chupa ibaki imefunikwa.