Nina barua ya kwenda Bombo, je, nikikaa nyumbani ndiyo tawakkul (kumtegemea Mungu)?

SWALI

Assalaam alaykum Shehe. Mimi ni mvuvi, nakaa Kigombe, umri wangu miaka 58. Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita nilikatwa na chaza kwenye unyayo tukishusha samaki. Kidonda hakiniumi, lakini hakifungi, na sasa kidole kimebadilika rangi. Daktari wa zahanati, kijana tu na wala si Muislamu, amenipa barua ya rufaa niende Hospitali ya Bombo upesi. Kaka yangu anasema nisiende, kwa kuwa wapo watu 70,000 watakaoingia Peponi bila hesabu kwa kuacha matibabu na kumtegemea Mola wao, na ajali, yaani siku ya kufa iliyoandikwa, haikimbiliki. Nimekuwa nikinywa kombe, yaani maji yaliyoyeyushiwa aya za Qur'ani, na kukioshea kidonda. Kusema kweli naogopa pia kukatwa mguu. Je, nikikataa kwenda nina dhambi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, jibu nalitanguliza ili usicheleweshwe na maneno yangu: nenda. Ukiweza leo, leo. Usipoweza, kesho gari la kwanza. Haya yaliyobaki mwanao atakusomea njiani.

Hadithi aliyoitaja kaka yako ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, na sitaki mtu amdharau kwa kuitaja. Lakini aisome ilivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwataja watu hao kuwa ni wale wasioomba kusomewa ruqya (aya na dua za kuponya), wasiojichoma moto kama tiba, wasioamini mikosi ya ndege, na kwa Mola wao wanategemea. Hakusema "wasiotibiwa". Tena tazama, jambo la kwanza kutajwa ni kuomba kusomewa! Wewe umeacha hospitali, na kombe ukaliomba. Anayetaka kuishika hadithi hii kwa namna ya kaka yako ilimpasa aanzie kwenye kombe.

Mtume mwenyewe aliulizwa swali lako hilihili. Mabedui walimjia wakamwambia: je, tujitibu? Akajibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik: naam, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, jitibuni, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Na Ubayy bin Kaab alipougua, Mtume alimpelekea tabibu, akamkata mshipa kisha akauchoma, imepokea Muslim. Ubayy alikuwa katika wasomaji wakubwa wa Qur'ani miongoni mwa masahaba. Aya zote alikuwa nazo kifuani, na bado alipelekewa tabibu.

Kuhusu ajali kutokimbilika, neno hilo ni la kweli ila limewekwa mahali pasipo pake. Sayyidna Umar alipofika karibu na Sham akaambiwa tauni imeingia kule, aliamua kurudi Madina. Abu Ubayda akamwuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akasema: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Barua uliyonayo mfukoni nayo ni kadari. Aliyekadiria chaza ikukate ndiye aliyekadiria zahanati iwepo Kigombe, na kijana yule awepo zamu siku ile, na akitambue kidonda chako.

Sasa hukumu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii husema kujitibu asili yake ni sunna, si faradhi. Hoja mojawapo ni yule mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, akamwomba Mtume amwombee dua, akamwambia: ukitaka, subiri nawe utapata Pepo, na ukitaka, nitakuombea akuponye. Akachagua kusubiri. Kwa hiyo mtu mwenye maradhi ambayo tiba yake ina shaka, au mzee ambaye madaktari wenyewe wanasema hawana la kumwongezea ila maumivu, akichagua kubaki na watu wake, mimi simwambii ametenda dhambi. Nimeshakaa na wagonjwa wa namna hiyo na sikuwasukuma.

Wewe si katika hao. Mwaka 1992 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa walikutana Jidda wakalizungumza jambo hili, wakaamua kuwa matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kutaleta kuangamia kwa nafsi, au kupotea kwa kiungo, au kulemaa, au maradhi kuambukiza wengine. Mawili ya mwanzo yanakuhusu moja kwa moja. Na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 195: wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo. Kwa hiyo umeniuliza kama ni dhambi, nami nakujibu bila kuzungusha: ikiwa tiba ipo, umeelezwa na mjuzi kuwa kuchelewa kunadhuru, na njia ya kwenda unayo, naona ni dhambi kukaa.

Umeandika kuwa kidonda hakikuumi, na nadhani hilo ndilo limekutuliza. Nilipolisoma nilimpigia daktari mmoja tunayeswali naye hapa Ngamiani. Akanieleza kuwa sukari ikikaa juu muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akawa hasikii uchungu. Huharibu pia mishipa ya damu, na damu isipofika vyema kidonda hakipati cha kukifunga. Wadudu huendelea kula ndani kimyakimya. Mguu mzima ungekupigisha kelele siku ya pili. Wako umenyamaza kwa sababu umepoteza sauti. Na kidole kubadilika rangi, alisema, si jambo la kulala nalo.

Juu ya kombe nina la kusema ambalo ni zito kwangu. Kuandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zikayeyushwa kwa maji ya mawaridi mgonjwa akanywa, wapo wanavyuoni wakubwa walioruhusu na wapo waliolichukia. Mimi ni katika wanaoruhusu, na nimewaandikia watu wengi. Ami yangu alikuwa Pangani, naye alikuwa na sukari na kidonda cha kisigino. Nilimwandikia kombe kwa mkono wangu siku saba, kisha saba nyingine. Kila nilipokwenda nilimkuta anacheka, anasema hakimuumi. Hakuna aliyemwambia aende hospitali, na mimi ndiye niliyekuwa nikisikilizwa pale nyumbani. Lau ningesema neno moja wangembeba. Tulipompeleka, weusi ulishapanda juu ya kifundo, na homa ilikuwa imemchukua akili. Hakurudi Pangani akiwa hai. Siku yake ilikuwa imeandikwa, hilo naliamini kama ninavyoamini jua. Lakini mimi nitaulizwa juu ya nilichofanya na nilichoacha, na mpaka leo naomba msamaha kwa siku zile kumi na nne. Tangu hapo simwandikii mtu mwenye kidonda mpaka aniambie ameshaonwa na daktari.

Kwa hiyo wewe acha kabisa kukimwagia kidonda kombe, maji ya bahari, au chochote usichopewa hospitali. Kinachomwagwa juu ya nyama iliyo wazi kinaweza kuongeza uchafu hata kama sahani iliandikwa Ayatul Kursi. Ruqya soma kwa mdomo wako: Alhamdu, na Kul huwallahu na Mu'awwidhatayn (sura za Falaq na Nas), huku unameza dawa zao. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili.

Tuje kwenye woga. Umelitaja mwishoni, kwa neno "pia", kana kwamba ni jambo dogo. Mimi nadhani hilo ndilo lililokufunga nyumbani, na hadithi ya 70,000 ilikuja kulifunika. Simlaumu mvuvi kuuogopa mguu wake. Ndio unaomsimamisha chomboni. Ila barua haikusema ukatwe, imesema ukaonwe. Mguu wa mwenye sukari hukatwa zaidi kwa aliyechelewa kuliko kwa aliyewahi. Anayekaa nyumbani kwa kuogopa msumeno ndiye anayeuita.

Na ikiwa, Mwenyezi Mungu aepushe, wataona hapana budi kidole au zaidi kiondoke, basi aliyekutangulia ni Urwa bin Zubair. Mama yake Asmaa binti wa Abu Bakar, mama yake mdogo ni Bibi Aisha mama wa waumini, na yeye ni mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Ugonjwa ulimla mguu akiwa safarini kwenda Sham kwa Khalifa Walid. Matabibu wakamwambia usipokatwa utapanda mwilini. Hakusema "mimi namtegemea Mungu, niacheni". Aliutoa mguu. Katika safari hiyohiyo mwanawe alipigwa teke na mnyama akafa. Akasema: ewe Mola, nilikuwa na viungo vinne, umechukua kimoja umeniachia vitatu, sifa njema ni zako. Yeye hakuwa na dawa ya usingizi kama ya leo, na hiyo wewe ukipewa usiikatae, imeruhusiwa.

Wazee wetu wengi hofu yao nyingine huwa ni ya Kiyama, wakauliza: nitafufuka bila mguu? Mtume amesema tutafufuliwa miguu mitupu, uchi, bila kutahiriwa. Wanavyuoni wakasema: ikiwa hata kile kipande kidogo kilichokatwa utotoni kitarudishwa, basi kila kilichokatwa kitarudi. Kiungo kilichoondolewa huvikwa kitambaa na kuzikwa, hakiswaliwi. Wanao waombe wakabidhiwe.

Kwamba daktari ni kijana na si Muislamu, hilo lisikuzuie. Mtume katika hijra, roho yake na ya Abu Bakar zikiwa hatarini, alimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye siku hiyo alikuwa kwenye dini ya Makureshi. Walimwamini kwa sababu njia aliijua.

Swala hospitalini nyepesi. Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, akaambiwa: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Sehemu iliyofungwa bendeji usiilowanishe. Osha pazima, pangusa juu ya bendeji na utayamamu. Mkikwama jambo, nipigieni.

Chukua barua, kadi ya kliniki, na dawa zote unazotumia, hata za miti, uwaonyeshe bila kuficha. Vaa kiatu kinachofunika mguu. Kaka yako usigombane naye. Mwambie shehe amesema aje naye akusindikize, kwani Bombo hata jamaa wa mgonjwa anahitajika. Nikipata habari kuwa umelazwa, nitapanda kule baada ya Alasiri, inshaallah.

Mtume ametufundisha kuwa anayemzuru mgonjwa ambaye ajali yake haijafika, akasema mara saba "As'alullahal Adhiim, Rabbal Arshil Adhiim, an yashfiyak", Mwenyezi Mungu atampa afya. Hiyo nitakusomea kitandani.