Maswali na Majibu: Mhusika Mmoja, Wahuishaji Watano

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha watu watano tunaotengeneza mchezo wa kompyuta wenye mhusika mkuu mmoja. Mmoja wetu amehuisha (yaani ametengeneza mwendo wa) kutembea, mwingine kukimbia, mwingine kuruka, na wawili waliobaki wamegawana mapigo na maanguko. Kila mmoja alifanya kazi kwenye kompyuta yake, nami nikapewa jukumu la kuunganisha faili zote ziwe demo moja, yaani toleo la kuonyesha. Kila faili ikifunguliwa peke yake inapendeza. Nilipoziingiza zote Unity, programu tunayoundia mchezo, mhusika akiruka anakuwa mdogo kama sisimizi, akikimbia bega lake la kulia linajipinda, na akitembea anakwenda kasi kuliko tulivyokusudia. Zimebaki wiki mbili tuwasilishe kazi. Je, tuanze upya?

JIBU: Ndugu msomaji, msianze upya. Kazi yenu karibu yote inaokoleka, na kwa jinsi ulivyoeleza, matatizo yote matatu yanaonekana kutoka chanzo kimoja: kila mtu alihuisha nakala yake mwenyewe ya mhusika, akairekebisha kidogo kwa namna iliyomfaa, na hakuna aliyewajulisha wenzake.

Nianze na udogo, kwa kuwa ndio rahisi kuutambua. Programu hazipimi kwa kipimo kimoja. Blender, ambayo ni programu ya kuhuishia, na Unity huhesabu kwa mita, ilhali Maya, programu nyingine ya kuhuishia, isipobadilishwa huhesabu kwa sentimita, hivyo mtu wa mita 1.8 akisomwa kwa kipimo kisicho chake hujikuta na urefu wa sentimita 1.8, yaani amepungua mara 100. Hilo hurekebishwa kwenye mipangilio ya kuingizia faili. Nawasihi tu msilirekebishe kwa kwenda Blender na kubadili ukubwa wa kiunzi cha mifupa (ile inayousogeza mwili wa mhusika) ambacho tayari kimehuishwa kisha kuuthibitisha kwa amri ya "Apply", kwa sababu mizunguko ya mifupa itabaki sawa lakini umbali uliorekodiwa, hasa ule wa nyonga kupanda na kushuka, utabaki katika kipimo cha zamani, na mhusika wenu ataruka juu kupita kiasi au atatetemeka pale pale aliposimama.

Kasi nayo ni hesabu fupi. Mwendo wa fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, uliotengenezwa kwa fremu 24 kwa sekunde huchukua sekunde moja kamili, lakini ukichezwa kwa fremu 30 kwa sekunde utaisha kwa sekunde 0.8. Chagueni kasi moja leo, na kila mmoja aitoe faili yake upya kwa kasi hiyo. Mkiwa kwenye kazi hiyo, chunguzeni pia mwisho wa kila mwendo unaojirudia: mkao wa mwisho wa klipu, yaani faili ya mwendo mmoja, ulingane na ule wa kwanza, la sivyo mguu utashtuka kidogo katika kila mzunguko.

Bega ndilo linalohitaji subira yako. Faili ya uhuishaji haibebi picha ya mkono ukisogea; inabeba maagizo, kwamba mfupa wenye jina fulani uzunguke kiasi fulani kutoka katika mkao wake wa awali. Jina likibadilika, kwa mfano mmoja akiandika "mkono_kulia" na mwingine "MkonoKulia", agizo hukosa wa kulipokea na mkono hubaki umeganda. Jina likilingana lakini mfupa wenyewe umegeuzwa kwenye mhimili wake, agizo hupokelewa na kutekelezwa kuelekea upande usio sahihi, na hapo ndipo ngozi ya bega hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Fungua faili ya kukimbia na ya kutembea kwenye madirisha mawili, chagua mfupa wa juu wa mkono wa kulia katika kila moja, kisha onyesha mihimili yake. Ukiona mishale haielekei upande mmoja, umempata mkosaji. Angalia pia kama mmoja alianza na mikono iliyonyooshwa kando na mwingine na mikono iliyoteremka nusu, kwa kuwa tofauti hiyo nayo huleta matokeo yanayofanana.

Dawa yake ni kuchagua kiunzi kimoja kiwe ndicho rasmi, kiwekwe chini ya mtu mmoja, na asiruhusiwe mwingine yeyote kukigusa. Kwa mhusika mwenye umbo la binadamu, mfumo wa Unity wa viunzi vya kibinadamu unaweza kuhamisha mwendo kutoka kiunzi kimoja hadi kingine hata majina yakitofautiana, mradi mmeonyesha kila mfupa ni upi na kuulazimisha mkao wa mikono iliyonyooshwa. Ikiwa mhusika wenu ni mnyama au kiumbe wa miguu sita, msaada huo haupo, na itabidi majina na mpangilio wa mifupa ulingane kabisa.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo litakukuta kesho. Kutembea na kukimbia vinapochanganywa, klipu zote mbili zianze kwa mguu ule ule kugusa ardhi. Moja ikianza na wa kulia na nyingine na wa kushoto, miguu itapishana katikati ya mchanganyiko na mhusika ataonekana anajikwaa. Amueni pia kama mwendo wa mbele utatoka ndani ya uhuishaji au kwenye skripti, yaani maagizo ya msimbo, kwani mkichanganya njia hizo mbili nyayo zitateleza sakafuni.

Kwa wiki hizi mbili, ninakushauri utengeneze demo kamili leo hii, hata kama bega bado limepinda, na uijaribu kwenye kompyuta isiyokuwa na mradi wenu. Kisha kila klipu iliyosahihishwa iingie pale pale penye ile mbovu, kwa jina lile lile. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona vikundi vyenye vipaji vikiacha uunganishaji hadi usiku wa mwisho, na kazi nzuri ya miezi ikakosa hata kuonekana.

SWALI: Tunatumiana faili kwa ujumbe, na sasa tuna "kimbia_mwisho" na "kimbia_mwisho_kabisa". Je, Git, ile programu ya kutunza matoleo ya faili, itatufaa?

JIBU: Itawafaa, lakini msitegemee iunganishe faili mbili za uhuishaji kama inavyounganisha mistari ya msimbo. Wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, kazi ya mmoja itapotea, hivyo kila faili iwe na mwenyewe. GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, hukataa faili inayozidi megabaiti 100. Kubwa kama hizo huwekwa kwa Git LFS, nyongeza ya Git ya faili kubwa. Hifadhini pia zile faili ndogo za ".meta" ambazo Unity huziweka kando ya kila faili, kwa kuwa ndizo zinazobeba utambulisho wake, na zikipotea mhusika hatajua tena klipu yake ya kukimbia iko wapi.