Anayetaka Kupiga Bach Aanze na Mkono wa Kushoto

"Kaka shikamoo. Napiga kinanda kigangoni kwetu, kodi zote (nota zinazopigwa kwa pamoja) nazijua, lakini nikifungua nota za Bach mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umeingia juzi usiku na si wa kwanza wa aina hii, ndiyo maana nakujibu hapa hadharani. Najua mko wengi mnaotamani siku moja mkae kwenye kinanda na watu wanong'onezane: huyu naye amesoma.

Mimi nimetoka hukohuko. Nilikuwa kijana wa mapambio: mkono wa kulia unafuata waimbaji, wa kushoto unagusa besi mbili tatu, ridhimu ya mashine inamalizia. Siku moja nikamwomba mwalimu wetu wa kwaya wa wakati ule, msomi kweli wa nota, anielekeze ukurasa mmoja tu wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani. Akanijibu mbele ya sauti ya kwanza yote: "Wewe kaa na mapambio yako, haya yana wenyewe." Dada zangu wakacheka. Jina lake silitaji. Bado tunatakiana amani kwenye Misa, ila neno lile mpaka leo halijashuka kooni.

Basi nikaenda kuwatafuta hao wenyewe. Nikakuta kwamba mwaka 1723 mji wa Leipzig, Ujerumani, ulikuwa unatafuta kantori, yaani mwalimu wa muziki, wa Shule ya Mtakatifu Thoma, ambaye pia alisimamia muziki wa makanisa makubwa ya mji. Waliyemtaka ni mtunzi Telemann, lakini Hamburg wakamwongezea mshahara, akabaki. Wakamgeukia mtunzi mwingine, Graupner, bwana wake wa Darmstadt akakataa kumwachia. Ndipo ikaja zamu ya Johann Sebastian Bach, na kumbukumbu za baraza zinaonyesha mjumbe mmoja akisema kwamba maadamu walio bora hawapatikani, itabidi kuchukua wa kawaida. Wa kawaida! Nilicheka peke yangu kwenye daladala, konda akanitazama.

Bach huyohuyo alifiwa na wazazi wote wawili kabla hajatimiza miaka 10, akalelewa na kaka yake katika mji wa Ohrdruf. Inasimuliwa kwamba kaka alikuwa na kitabu cha nota alichomkataza kukigusa, na dogo akawa anakinakili usiku kwa mwanga wa mwezi, kwa miezi, hadi alipokamatwa na nakala ikachukuliwa. Kwa hiyo ukinyimwa nota usidhani umeanza wewe.

Tuje kwenye swali. Muziki wa baroko, tuseme kuanzia 1600 hadi 1750, umejengwa juu ya besi. Watunzi wengi wa wakati ule waliandika mstari wa besi na tarakimu kando yake, basi. Selo (fidla kubwa) au fagoti (zumari nene ya besi) inaupiga mstari wenyewe, na mpiga hapsikodi (kinanda cha kale cha nyuzi) au ogani anasoma tarakimu na kuzijaza kodi papo hapo kwa akili yake. Akikuta 6, anajua juu ya nota ile aweke ya tatu na ya sita, akihesabu kuanzia hiyohiyo. Hiyo ndiyo baso kontinuo. Sasa wewe unayepiga kodi kwa kusikia, nusu ya kazi hii unaifanya kila Jumapili bila kupewa heshima yake. Kilichobaki ni mkono wa kushoto uwe mwimbaji, usiwe mlinzi wa geti.

Chukua ile Kanoni ya Pachelbel ambayo maharusi wengi huingilia kanisani. Besi yake, kwa solfa, ni nota nane tu: d s l m f d f s. Inarudiwa mara 28 bila kubadilika, huku violini tatu zikifukuzana juu yake kwa wimbo uleule. Piga hizo nane kwa mkono wa kushoto peke yake, jioni nzima. Kisha imba chochote juu yake. Mkono wa kulia usiuguse kabisa.

Ukitoka hapo nenda kwenye Invensheni za Bach, vipande vifupi 15 vya sauti mbili, ambazo yeye mwenyewe aliziandalia wanafunzi. Ya kwanza, ya C, ina vipimo 22 tu. Kulia kunaanza: d r m f r m d s. Nusu kipimo baadaye kushoto kunajibu maneno yaleyale, oktava moja chini. Hakuna bwana na mtumwa pale. Jifunze kushoto kwanza, ukiimba kwa solfa, mpaka uweze kukupiga huku unaongea na mtu. Ndipo ulete kulia. Nimeshasema, narudia: kushoto kwanza.

Na usiniambie kinanda chenu ni cha bei ndogo, kina funguo 61 na ukikandamiza sauti haikui. Hapsikodi nayo ni hivyohivyo: ndani yake nyuzi zinadonolewa, ugonge kwa nguvu au taratibu sauti ni ileile. Invensheni nazo haziulizi zaidi ya oktava nne. Hisia walizitoa kwa kukata na kuunganisha nota, na kwa urembo wa vidole. Visingizio tuviache, vijana. Tunapenda kuonekana kuliko kukaa chini.

Pasaka iliyopita kwaya ninayoifundisha iliimba Haleluya ya mtunzi Handel. Kila kwaya inaiimba, najua, na kila kwaya inavunjika palepale: "naye atatawala milele na milele". Pale Handel ameingiza besi kwanza, wapweke, kisha tenori, alto, na mwisho soprano. Nilikuwa nimewafundisha besi wiki nyingi kabla ya wengine, soprano wakanuna. Siku yenyewe besi waliingia kama ukuta. Mzee mmoja asiyesifu mtu alinishika mkono nje ya kanisa, hakusema kitu. Na yule mwalimu wa zamani alikuwepo, benchi la nne.

Nota zote hizi zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP. Zichape kwenye karatasi, kioo cha simu kitakuonyesha kipimo kimoja na nusu halafu unatelezesha kidole wakati unatakiwa kupiga. Ukikuta toleo limejaa alama za kupandisha na kushusha sauti, jua ni za mhariri, usizifuate. Ukimaliza namba 1, nenda namba 4, ya D ndogo (D minor). Namba 8, ile ya F ambayo kila mtu anaiparamia kwa mbio ili arekodiwe, iache mwaka huu.