Maswali ya Wasomaji: OpenCV Inakufa Njiani

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Dunga, Kisumu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nataka kamera ya Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo, itazame magugumaji yanaposukumwa na upepo kuja ufuoni, ili wavuvi wajue mapema kama mashua zitapita. Najenga OpenCV, maktaba ya kuchambua picha, kutoka msimbo wake wa chanzo kwa amri make -j4. Ikikaribia mwisho inakufa, na chini kabisa imeandikwa Error 2. Juzi stima ilipotea katikati ya kazi. Tangu siku hiyo linka, programu inayounganisha vipande vilivyojengwa, inalalamika kwamba kuna faili isiyoielewa. Mwenzangu alijenga yake ikakamilika, lakini akiendesha programu anaambiwa libopencv_core.so haipatikani. Tufanyeje?

JIBU: Msomaji wangu wa Dunga, kazi hiyo ina faida kwa watu, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu. Una matatizo matatu tofauti, na OpenCV yenyewe haina hatia.

Achana na Error 2. Hapo make inatangaza tu kwamba mojawapo ya kazi ilizozituma imeshindwa. Sababu iko juu zaidi, pengine mistari mingi juu, kwa maana kwa -j4 kazi nne huenda sambamba, na moja ikianguka zile tatu huendelea kuandika. Panda hadi kosa la kwanza. Nadhani utakuta Killed kando ya cc1plus, ambayo ni kompaila ya C++: kerneli, yaani kiini cha mfumo, imeiua kwa sababu memori imeisha. Pi 3 ina GB 1 tu ya RAM, na baadhi ya faili za C++ za OpenCV hula mamia ya MB kila moja. Endesha dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli; ukiona Out of memory, umepata jibu.

Tumia make -j1. Ongeza pia swap, yaani sehemu ya kadi ya SD inayotumika kama memori ya ziada: kwenye Raspberry Pi OS za kabla ya Trixie (2025), fungua /etc/dphys-swapfile, weka CONF_SWAPSIZE=2048, kisha anzisha upya huduma ya dphys-swapfile. Itachukua saa nyingi, iache ifanye kazi usiku. Ukimaliza rudisha ukubwa wa awali, kwa kuwa kuandikwa mfululizo huichosha kadi ya SD.

Kuhusu stima: tafadhali usifute folda nzima ya build. Hapa Nakuru naona vijana wakifanya hivyo kila kosa likitokea, na huniuma, kwani kazi ya usiku mzima inapotea bure. make hulinganisha saa za faili, na kilichokwisha hairudii. Shida ni kwamba stima ilipokatika, faili ya .o (kipande ambacho kompaila imekitoa) iliyokuwa ikiandikwa ilibaki nusu au tupu, na make inaiona mpya kuliko chanzo chake, hivyo inaiacha. Linka imekutajia jina lake. Futa hiyo peke yake. Kisha, ukiwa ndani ya build, endesha find . -name '*.o' -size 0 -delete ili kuondoa tupu nyingine zote, halafu rudia make.

Mwenzako amejenga vizuri. Maktaba zake zimewekwa /usr/local/lib, lakini kinachozipakia programu inapoanza hutafuta katika orodha iliyohifadhiwa, na orodha hiyo haijasasishwa. sudo ldconfig huiandika upya. Akitaka kuhakikisha, aendeshe ldd pamoja na jina la programu yake. Panapoonekana not found ndipo penye pengo.

Sasa nikuulize: una haja ya kujenga kweli? Kutenga kijani cha magugumaji na maji kunahitaji inRange, na kupima eneo lake findContours na contourArea. Zote zimo ndani ya pakiti iliyo tayari: sudo apt install libopencv-dev, au python3-opencv ukiandika kwa Python. Mimi ningeanza hapo, nguvu zangu niziweke kwenye mng'ao wa jua juu ya ziwa, ambao utakusumbua kuliko kompaila yoyote.

SWALI: Niko Kakamega. Kila nikisakinisha pakiti fulani kwa pip, kisakinishi cha Python, inakwama kwamba Python.h haipo, ilhali Python ninayo na inafanya kazi.

JIBU: Unayo ya kuendeshea, huna ya kujengea. Kwenye Debian na Ubuntu faili za kujengea, kama Python.h, huja kando: sudo apt install python3-dev, kisha rudia pip. Kama Python unayotumia si ile ya mfumo, tafuta -dev ya toleo lako, kwa mfano python3.11-dev.